Honi ya Bwana Harusi

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu kwenda kuoa Msambweni, kwa pikipiki yake kuukuu. Tulipofika Mwabungo alipiga honi, injini ikazima. Fundi wa hapo akaiwasha kwa kiki, akazungusha mkono wa mafuta huku akiitazama taa.

"Injini yanguruma, taa haizidi kung'aa. Betri haipati chaji. Mkipiga honi tena itazima, na shehe hatawangoja."

"Na mbuzi barabarani?" akauliza bwana harusi.

"Endesha, mwanangu," nikamwambia. "Honi ni mimi."

Nikapiga honi kwa mdomo hadi Msambweni. Mabasi yaliingia majanini kunipisha. Ukweni tukawakuta wanaume wamekunja mikono ya kanzu, tayari kushusha mizigo.

"Lori mmeliacha wapi?" akauliza shehe.

Ndoa ilifungwa, lakini mama mkwe wake mpaka leo aniuliza kabati liko wapi.