Ji ya Kujiuzulu

Nilikosea neno moja katika habari za saa moja asubuhi, na kabla sijatoka studio simu yangu ilikuwa ikilia.

Wakati huo nilikuwa msomaji wa habari za Kiswahili katika kituo kidogo cha redio mjini Kisumu. Rais alikuwa ameapishwa kwa muhula wa pili wiki chache zilizotangulia, na kila asubuhi tulingoja kusikia nani amebaki katika baraza la mawaziri na nani ameondoka. Siku hiyo taarifa ya Nairobi ilifika imechelewa, kwa Kiingereza, nami nimeshakaa mbele ya maikrofoni. Ilisema kwamba Rais amekubali barua za mawaziri watano waliojiuzulu. Niliitafsiri papo hapo. Kichwa cha habari hupenda ufupi, nikasema: "Mawaziri watano wauzuliwa." Kisha nikasoma majina. Mmoja wao kwao ni Nyakach.

Aliyenipigia simu alikuwa mama yake. Zamani, kabla mwanawe hajawa mtu wa kutajwa redioni, alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili katika shule ya msingi.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, kama alivyotuita sote darasani. "Nani amemwuzulu kijana wangu?"

"Mwalimu, habari imetoka Nairobi."

"Nairobi wamesema ameuzuliwa, au amejiuzulu?"

Nikaitazama karatasi. "Amejiuzulu," nikasema.

"Basi umemfukuza wewe," akasema. "Baba yake alifukuzwa kwenye ushirika wa wakulima. Mpaka tunamzika, hapa Pap Onditi aliitwa yule aliyefukuzwa. Sitaki mwanangu arithi jina hilo. Katika habari za saa saba urekebishe."

Nilimweleza mhariri. Hakufurahi, lakini pia hakukurupuka. "Tumeshakosea mara moja kwa haraka," alisema. "Nenda kwa huyo mama, ujue barua iliandikwaje. Saa saba utasoma kwa simu ukiwa huko huko."

Nilipofika Pap Onditi ilikuwa siku ya soko. Mwalimu alikuwa akinisubiri penye wauza nafaka, kitambaa kimefungwa kichwani sawasawa, mkoba kwapani. Mwanamke aliyekuwa akipima mtama alikuwa amemshika kwa maneno.

"Japuonj," alimwita, yaani mwalimu, "redio imesema kijana ameuzwa. Nani amenunua?"

"Hajauzwa. Amejiuzulu."

"Amejiuza?" Yule mama akaliweka debe chini. "Hiyo si mbaya zaidi? Afadhali kuuzwa na watu wengine!"

Wenzake wakacheka. Mmoja akauliza kama bei ilikuwa nzuri. Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea ngeli, akanishika mkono tukaondoka.

Nyumba yake iko nyuma tu ya soko. Mezani alikuwa ameniandalia chai na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: *Waziri amejiuzulu kwa hiari yake.*

"Hiyo ndiyo utakayosoma," alisema.

"Umezungumza naye, Mwalimu?"

"Simu yake imezimwa tangu jana."

"Basi umejuaje ni kwa hiari?"

"Mimi ni mama yake."

Nilimwambia naweza kusoma amejiuzulu, kwa sababu Nairobi ndivyo walivyosema, lakini kwa hiari siwezi, kwa kuwa sijasikia kwa mtu yeyote. Akasukuma kikombe cha chai kuelekea kwangu kwa nguvu kidogo, ikamwagika kwenye sahani.

"Nilikufundisha kusoma. Kubishana ulijifunza wapi?"

Nikainua kikombe, nikanywa. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akitazama simu, mimi nikitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa sita na nusu simu yake ilipoita. Alibonyeza kitufe cha sauti kubwa na kuiweka mezani, juu ya ile karatasi.

"Mama, nimeacha kazi," mwanawe alisema.

"Umeacha, au umeachishwa?"

Nikasogea karibu na simu. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ni wa redio na ninasikia kila kitu. Akasema hakuna shida, kisha akamjibu mama yake, si mimi.

"Tuliitwa mawaziri wote. Tukaambiwa muhula mpya umeanza, kila mmoja aandike barua ya kujiuzulu. Wengine wamerudishiwa barua zao. Yangu imekubaliwa."

"Uliandika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Ulitaka kuandika?"

"Mama, nani anataka?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa. Nilimwuliza waziri kama naweza kuyasoma hayo saa saba. Alifikiri.

"Mama aamue," alisema. "Mimi niko Nairobi. Huko sokoni ni yeye atapita kila siku."

Simu ilipokatika, zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Nilikuwa tayari kusoma amejiuzulu, basi, bila neno zaidi. Lisingekuwa uongo, na lingemtosha. Nikamwambia hivyo.

Alichukua kalamu nyekundu. Alivuta karatasi, akapiga mstari mwekundu juu ya kwa hiari yake. Akasubiri. Akapiga mstari mwingine juu ya sentensi nzima, akaandika chini yake polepole, kwa ule mwandiko wa ubaoni: *Mawaziri wote waliambiwa waandike barua za kujiuzulu. Aliandika, na barua yake ikakubaliwa.*

"Mwalimu, una hakika? Watu watasema ni kufukuzwa kwa mlango wa nyuma."

"Baba yake alipofukuzwa hakuna aliyeeleza ilikuwaje. Watu wakajaza wenyewe, na walijaza vibaya." Akanipa karatasi. "Soma yote. Usifupishe."

Saa saba studio wakaniunganisha. Ilibidi Mwalimu azime redio yake, kwa kuwa ikiwa karibu na simu sauti hurudi na kuvuruga matangazo, kwa hiyo alinisikiliza mimi mwenyewe, amesimama nyuma ya kiti changu. Nilisema kwamba asubuhi tulitumia neno lisilo sahihi, kisha nikasoma sentensi zake mbili. Nilipomaliza na kushusha simu, nilisikia sauti yangu ikija dirishani kutoka redio za sokoni, imechelewa kidogo, ingali ikisoma yale yale. Mwalimu akainua kidole tusikilize. Akasikiliza hadi mwisho.

Haikupita robo saa, yule mama wa mtama akabisha hodi. Alikuwa amebeba debe lake kichwani, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Japuonj, kumbe hakujiuza. Aliandikishwa."

"Aliambiwa aandike, akaandika."

"Si ni hiyo hiyo?"

"Siyo hiyo hiyo," Mwalimu akasema, akamvutia kiti.