Siku Mume Wangu Aliponigombeza Hewani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapoingia ofisi ya watu, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, nimekaa mbele ya simu ya upepo pale Kibiti, kipaza sauti kiko mkononi, na mume wangu akanigombeza delta nzima ya Rufiji ikisikia.

Wewe unanijua mimi wa leo, mshauri anayealikwa maofisini kuwasaidia watu wafanye kazi pamoja bila kuumizana, na ambaye kila mwisho wa juma anakuandikia wewe na wasomaji wenzako aliyoyaona huko. Mara nyingi nakuandikia ya wengine. Juma hili nakuandikia yangu. Nimeyakalia muda mrefu, na mwenzangu aliyehusika amenipa ruhusa.

Zama zile mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa au kuuzwa, na kila lori lililopita barabara ya kusini lilikuwa na jina jipya ubavuni. Mume wangu, Seif, alikuwa mtunza ghala wa shirika lililokuwa likinunua korosho. Wakaja wakubwa, wakawakusanya wafanyakazi uani, wakawaambia kwamba watu wanapunguzwa. Seif alirudi nyumbani mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kurudi, akakaa kibarazani bila kuvua viatu. Mama yake, Bi Tatu, aliyekuwa ametoka Mohoro kuja kukaa nasi, alimtazama tu, akaingia jikoni kuongeza maji kwenye wali.

Haukupita muda mrefu ikaja kampuni ya mtu binafsi kununua kamba, hawa wa kuliwa wanaovuliwa kule Rufiji inakomwaga maji baharini. Ofisi iliwekwa Kibiti. Vituo viwili viliwekwa deltani, kimoja Mbwera na kingine Salale. Barafu ilitoka Dar es Salaam kwa lori hadi Nyamisati, kisha ikapakiwa kwenye boti ya mashine kwenda vituoni. Kila kituo kilikuwa na simu ya upepo, na wakawa wanatafuta mtu wa kukaa Kibiti kuviita. Seif ndiye aliyenisindikiza kuomba kazi ile. Aliwaambia, "Mke wangu sauti yake inasikika vizuri, na vijiji vyote vya huko anavijua." Nikapata kazi.

Meneja alipotafuta mtu mwenye uzoefu wa ghala wa kusimamia kituo cha Mbwera, nami nikamtaja Seif. Akaajiriwa, akahamia huko, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilifurahi kama mjinga. Niliona tumepona sote wawili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi naita vituo, naulizia kamba, naulizia maji yanajaa au yanakupwa, kisha natoa maagizo: boti inakwenda wapi, nani anunue, nani asimame. Maagizo ni ya meneja ila sauti ni yangu. Ukimaliza unasema ova, mwenzako apate kujibu. Na simu ile haikuwa na siri. Nikiongea na Mbwera, Salale inasikia. Kule vituoni wavuvi nao husimama dirishani kusikiliza, kwani ndilo jambo jipya lililokuwapo. Kwa hiyo kila asubuhi watu wa Mbwera walimsikia msimamizi wao akiambiwa na mkewe fanya hivi, usifanye vile.

Wa Salale aliitwa Shomari, mtu wa mizaha. Nikimwita hujibu, "Kibiti, hapa Salale. Kamba wapo, barafu ipo, sukari ya chai ndiyo imetutoroka. Ova." Nami nacheka, na kicheko changu kinasikika Mbwera. Sitakudanganya, mwanangu, nilizipenda asubuhi zile. Hapakuwa na jambo lolote kati yetu, hata uso wake sikuwa nimewahi kuuona. Lakini nilikuwa namwita Seif kwanza na Shomari mwisho, ili nimalizie na kicheko. Nilidhani hilo nalijua peke yangu.

Seif akaanza kufupisha majibu. "Nimepata. Ova." Basi. Alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, tukiwa tunakula, akaniuliza, "Yule wa Salale ana mke?"

"Sijui," nikamwambia. "Kamwulize mwenyewe, hewani."

Nilisema kwa utani. Akanawa mikono, akaondoka kwenye sinia, wali haujafika nusu. Na mimi kwa ujana wangu nikaona raha kidogo, nikidhani wivu wa mume ni sifa kwa mke.

Sasa siku yenyewe. Lori la barafu liliharibika njiani, na barafu iliyokuwapo ilitosha kituo kimoja tu. Meneja akaamua ipelekwe Salale, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa wamekwisha kununua kamba wengi. Nikaita.

"Mbwera, barafu ya leo inakwenda Salale. Msinunue mpaka kesho. Ova."

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba wakati ule wavuvi walikuwa wamemzunguka Seif, vikapu vimejaa, naye alikuwa amekwisha kuwaahidi kwamba atanunua vyote.

"Najua inakwenda Salale," akasema. "Kila kitu chako siku hizi kinakwenda Salale. Unacheka na mwanamume mwingine asubuhi zote, mimi mumeo unanipa amri kama kibarua, na sasa barafu pia unampelekea yeye. Unataka watu hawa wanione mimi ni nani?"

Hakuishia hapo. Simu ya upepo mmoja akiwa ameshika kitufe, wengine wote hawana la kufanya ila kusikiliza. Sikuweza kumkatiza. Alitaja jina langu, akataja nyumba yetu, akataja ugomvi wetu wa kwenye sinia, nami nimekaa nimeshika kipaza sauti, meneja amesimama mlangoni nyuma yangu. Alipoachia kitufe, nikabonyeza changu.

Nikasema, "Mbwera, nimekupata. Barafu inakwenda Salale kwa agizo la ofisi. Msinunue mpaka kesho. Ova. Salale, mmesikia?"

"Salale tumesikia. Ova." Hakutia mzaha hata mmoja.

Nikazima simu, nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya jengo. Meneja akanifuata. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Dada, neno lako moja tu, boti ya kesho inamrudisha na kazi hana. Siwezi kukuacha uaibishwe hivi."

Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwomba anipe mpaka kesho yake.

Nyumbani habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikamkuta Bi Tatu ameketi mkekani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwambia meneja anataka kumfukuza mwanawe. Nilitegemea alie au anisihi. Akaendelea na mchele wake.

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka aione aibu aliyonionyesha mimi."

"Ataiona," akasema. "Akirudi hapa bila kazi mara ya pili ataiona kila siku, nawe utakuwa unamtazama." Akaweka ungo chini. "Kuumia kwake ni haki yake. Kukugombeza mbele za watu si haki yake, nami nitamwambia hivyo usoni, wala sitamficha kwa kuwa nimemzaa mimi. Lakini usiyachanganye hayo mawili, mwanangu. Umewahi kumwuliza anajisikiaje ukimwamrisha?"

"Ni kazi, mama. Si mimi ninayeamrisha."

"Sikukuuliza nani anaamrisha. Nimeuliza kama umewahi kumwuliza."

Sikuwa nimewahi.

Asubuhi nikamwendea meneja. Nikamwambia, "Usimfukuze kwa ajili yangu, wala usimwache kwa ajili yangu. Angekuwa mtu mwingine ametumia simu ya ofisi kwa ugomvi wake, ungemfanyaje?"

Akafikiri. "Ningemwondoa kwenye simu na kumpa onyo. Msaidizi wake ndiye angekuwa anajibu."

"Basi mfanyie hivyohivyo. Na mimi naomba niende na boti ya barafu."

Tulipofika Mbwera watu walinitazama kama watu wanaotazama mchezo waliokwisha kusimuliwa. Kamba wa jana yake walikuwa wameanikwa juani, maana wavuvi hawakuwa na pengine pa kuwapeleka, na wenyewe walikuwa na uchungu nao. Seif nilimkuta anasugua masanduku ya barafu. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kunifukuza?"

"Hapana. Umeondolewa kwenye simu, kazi bado unayo. Nimekuja kusikiliza, kwa sababu jana ulisema nami sikuweza kujibu."

Akasugua kidogo, akaacha. "Zamani nikiwa ghalani wewe ndiye uliyekuwa ukinisubiri. Sasa nasubiri mimi. Naamka hapa nasubiri uniite. Na ukiniita, unaniita wa kwanza ili unimalize haraka. Yule unamwacha wa mwisho. Unadhani sijaona?"

Ile niliyoiita siri yangu, yeye alikuwa akiihesabu kila asubuhi.

"Ni kweli," nikamwambia. "Namwacha wa mwisho kwa sababu ananichekesha. Hakuna zaidi ya hilo."

"Kwangu hilo si dogo."

"Si dogo. Nami nina langu ambalo sijawahi kukuambia. Miaka yote uliyokuwa ghalani nilikuonea wivu. Nilikupigia pasi shati nikitamani ningekuwa naondoka mimi asubuhi na wewe unabaki na vyungu. Siku ulipopunguzwa nilikuonea huruma, lakini upo upande wa moyo wangu uliofurahi, kwa sababu niliona sasa zamu yangu itafika."

Akakaa juu ya sanduku. "Ulifurahi?"

"Kidogo. Kisha nikaona haya."

Hakunisamehe pale pale, wala mimi sikumsamehe. Tulikaa tukitazama boti ikishusha barafu mpaka ikawa tupu. Ndipo akasema, "Afadhali umesema." Kisha akaomba ruhusa ya kuongea kwenye simu mara moja, ya mwisho. Nikamwambia ruhusa si yangu. Msaidizi wake akaita Kibiti, meneja akakubali, na Seif akashika kitufe.

"Kibiti na Salale, hapa ni Seif, Mbwera. Niliyoyasema jana ni ya nyumbani kwangu, nikayaleta kazini. Mke wangu hakuwa na kosa katika habari ya barafu, na Shomari hakuwa na kosa. Naomba radhi. Ova."

"Salale tumesikia," Shomari akasema. "Yamekwisha, kaka. Ova."

Wavuvi dirishani wakaitikia kwa vichwa, wakaenda zao.

Ningekuwa mwongo nikikuambia wivu uliisha siku ile. Ulibaki nyumbani kwetu, ila sasa ukawa na jina lake, na kila mmoja wetu aliruhusiwa kulitaja. Nikawa nabadilisha zamu ya kuita vituo, leo Mbwera kwanza, kesho Salale kwanza. Shomari hakutania tena mpaka kampuni ilipofungwa. Nilizikosa asubuhi zile, na mwisho nikamwambia Seif hilo pia. Akasema naye alikuwa akizisubiri, alichochukia ni kwamba hazikuwa zake. Sasa yuko Ikwiriri, analima mpunga na kunikaripia nikichelewa kurudi safarini.

Juma hili, mwanangu, katika ofisi moja, kijana aliniita pembeni akaniambia amemfichia mkewe simu. Wanafanya kazi pamoja, mke amepandishwa cheo, na kwenye kundi la wafanyakazi la simuni kila anachoandika watu wanakifurahia. Yeye akiandika hakuna anayejibu. Alitaka nimfundishe namna ya kumtuliza mke. Nilimwambia akamrudishie simu, ampe mkononi, amwambie kwa mdomo wake linalomwuma. Na mke nikimwona nitamwambia asiseme tu kwamba ni kazi. Hata mimi nilisema hivyo.

Nasaha zangu basi ni hizi. Wivu ukikupata usijidharau, maana mara nyingi nyuma yake kuna kitu ulichokipoteza na hakuna aliyekupa pole. Utazame mpaka ukijue kitu hicho ni nini. Kisha umwendee mwenyewe anayehusika, mkiwa wawili, mapema, ukingali unaweza kuongea na kunyamaza ili naye aongee. Usiupeleke kwenye chombo cha kazi, iwe simu, kundi au mkutano, kwani huko utasikika na watu wote ila yule uliyetaka akuelewe. Ukiwa wewe ndiye unayeonewa wivu, usiufanye kipimo cha thamani yako wala usijifurahishe nao. Na ukipewa uwezo wa kumwadhibu aliyekuumiza, omba kwanza usiku mmoja wa kufikiri.

Mungu akupe kazi inayokuheshimu, na mwenzi unayeweza kumwambia usilopenda kulisema. Akukunjulie moyo siku ya mwenzako kung'aa, na siku yako ikifika akupe watu watakaofurahi pamoja nawe. Amina.