Kicheko cha Picha Tatu

Mume wangu aliuawa kwenye barabara ya Bujumbura, gari la mawese alilopanda lilipovamiwa, vita vikiwa karibu kwisha. Picha aliyoniachia ilikuwa ya kitambulisho, mdomo umefungwa, macho mbele. Picha ya yeye akicheka alikuwa nayo mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo alikuwa na kibanda sokoni Rumonge, akichaji simu za watu kwa betri za gari na kuwatilia picha ndani yake. Alitoka upande wa Kongo, akaniita yaya, kama wanavyomwita kule dada mkubwa. Alikuwa amempiga mume wangu picha tatu mbele ya ukuta wa kibanda: kichwa kimeinama, kichwa kimeinuka, meno nje. Aliziunga ndani ya simu yake zikawa zinafuatana mbio, mume wangu akawa anainama, anacheka, anainama tena. Aliwaonyesha wateja ili nao watake za kwao.

Sikuwahi kusikia neno baya juu yao wawili, wala sikulitafuta. Kilichoniuma ni kicheko. Nyumbani kwetu Kizuka alikula, akashukuru, akalala. Meno yale niliyaona kwenye harusi za watu. Sasa muuza ndagala yeyote, dagaa wa ziwani, angeweza kusimama pale akamwona akicheka. Mimi niliiona picha ile mara moja tu, nikageuza uso kwa hasira kabla hajamaliza kucheka.

Siku ya kuganduka ilikaribia, siku ambayo familia hukutana kuondoa matanga, na mambo ya marehemu humalizwa mbele ya wote. Sikutaka tuyamalize huku yeye amebaki mikononi mwa mwingine. Nikachukua simu ya zamani niliyopewa na shemeji, nikaenda sokoni.

"Amahoro, yaya. Pole."

"Nipe bwana yangu."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja simu zao wakatazamana. "Ee, leo iko kazi," mmoja akanong'ona.

Mwenye kibanda aliigeuzageuza simu yangu. "Hii iko na nafasi kidogo sana. Acha nipunguze kwanza. Ukuta hautembei, sivyo? Nitauweka mara moja, nibadilishe uso peke yake. Itakuwa nyepesi, na haitakula betri."

"Usimkate bwana yangu. Namtaka mzima."

"Simukati, yaya. Ni ukuta tu."

"Wewe umekaa naye mzima, mimi unipe vipande?"

Akaacha kupunguza. Aliweka simu mbili zikitazamana ili picha zivuke, tukangoja. Uso ukatokea kwenye kioo changu, kichwa kimeinama.

"Sasa futa yako."

"Tuangalie kwanza kama inacheza."

"Futa, nikiona."

Akafuta, pamoja na zile tatu alizoziunga. Nilikitazama kidole chake kikibonyeza, nikafurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani nilingoja ainue kichwa. Nilizima simu, nikaiwasha. Nikailaumu betri. Kesho yake asubuhi nilirudi kibandani.

Aliitazama kwa muda mrefu. Simu ilijaa baada ya picha ya kwanza, akasema. Mbili zilizobaki hazikupata pa kukaa. Na kwake hakikubaki kitu. Machozi yakamtoka, na hata hayo niliyaonea wivu, kwa kuwa yeye alijua vizuri anacholilia.

"Alichekaje?" nikamuuliza.

"Yaya..."

"Nionyeshe."

Akajifuta uso kwa kitenge, akasimama mbele ya ukuta uleule. Akainamisha kichwa. Akakiinua taratibu, mdomo ukaanza kufunguka upande wa kushoto, kisha meno yote. Alikuwa mume wangu kabisa.

Nikamwambia arudie.