Jiwe la Kati Linabanduka

Siku ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani, ukumbi mzima uliacha pilau ukaanza kukwangua kadi kwa kucha.

Baba mdogo alidhani watu wamerogwa.

Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Naitwa Precious, niko hapa Mwanza, nagonga kadi za sherehe kwa mkono. Mihuri nachonga mwenyewe kwa soli za kandambili. Wenye mashine wananicheka, na wateja bado wananifuata.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Mdogo wake, baba mdogo Malimi, akataka kumrithi mama yangu, Teodora. Mama akagoma. Ukoo ukamfukuza, akanilea kwa beseni la dagaa pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Hawakuniletea hata kalamu ya shule.

Nilipopata mchumba, Elias, ng'ombe wa mahari wakatajwa. Ghafla baba mdogo akakumbuka nina ukoo.

"Mama yako asiwemo kwenye kadi. Si jina, si picha. Akiwemo, ng'ombe siwapokei na ndoa hakuna."

"Baba mdogo, ndiye aliyenizaa!"

"Alitukataa. Na hiyo kadi niione kabla haijatoka."

Niliumia, jamani. Mama akanishika bega. "Kubali mwanangu, uolewe. Mimi nitakaa hata huko nyuma na wapishi."

Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema, thubutu!

Sasa, kazi yetu iko hivi. Kitu cha mbele unakigonga kwanza. Unakifunika kwa karatasi ya gundi hafifu uliyoikata umbo lilelile, kisha unagonga mandhari juu ya vyote. Ukibandua karatasi, cha mbele kinabaki safi na mandhari inakaa nyuma yake.

Nikampelekea kadi. Mawe ya ziwani, mawimbi, jina langu na la Elias, na ukoo wa baba mdogo kwa herufi kubwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Lete." Akaigeuza, akaipapasa. "Mbona hapa kwenye jiwe la kati pamevimba?"

Roho juu. "Ni pambo hilo, baba mdogo."

"Maridadi! Nipe za ndugu zetu wa Sengerema nikazigawe mwenyewe."

Akazigawa kweli. Ng'ombe nao akawapokea.

Siku ikafika. Bila kadi huingii mlangoni, kwa hiyo kila mgeni alikuwa na yake. Mama alikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nikaomba kipaza sauti.

"Wageni wangu, hilo jiwe la kati linabanduka. Bandueni!"

Chini ya jiwe akatokea mwanamke mwenye beseni kichwani, amesimama mbele ya mawe na ziwa lote. Miguuni pake nilikuwa nimeandika: Teodora, aliyenilea.

Wamama wa mwaloni wakaanza vigelegele.

Baba mdogo akainuka. "Nani kakuruhusu?"

"Wewe, baba mdogo. Uliipapasa, ukaisifia, ukaigawa."

"Narudisha ng'ombe!"

Dada yake, shangazi Rose, akamjibu kutoka meza ya pili, "Rudisha basi. Mmoja yuko kwenye sahani yako."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikaenda nyuma, nikamshika mama mkono, nikamkalisha meza kuu. Alilia, nikalia, na sikuona haya hata kidogo.

Mama aliyekubeba peke yake hafutwi na mtu aliyejitokeza siku ya ng'ombe. Na wewe unayepanga kumficha mama wa mtu, kadi usimpe mwanawe agonge.