Chakula Hakimfuati Mtu

Wifi yangu aliitwa mama na shule nzima kabla hajazaa hata mmoja. Ni mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, na mimi ndiye ninayemwoshea vyombo. Watoto walimpa jina la Mama Upawa kwa sababu ya ule upawa wake wa mpini mrefu, anaoushika kama askari anavyoshika rungu. Kaka yangu alipomwoa nilifurahi kwa sababu moja tu: nilijua sitalala njaa tena. Tangu hapo tunaishi nyumba moja, na ugomvi wetu ni wa wifi na wifi, kusutana asubuhi na kucheka pamoja jioni.

Jikoni kwake kuna sheria. Kila mtu anakuja dirishani na sahani yake, awe mkubwa awe mdogo. Mwalimu akijitia bosi, akamtuma mwanafunzi amchukulie chakula ofisini, yule mwanafunzi anarudi mikono mitupu.

"Kamwambie chakula hakimfuati mtu!" wifi anapaza sauti, makusudi, ofisini wasikie. "Mtu ndiye anayefuata chakula!"

Dirisha lenyewe liko chini, kwa vimo vya watoto, kwa hiyo mchana kutwa yeye ni kuchota, kuinama, kumimina, na kumwita anayefuata. Na hakuna anayerudisha sahani bila kuulizwa, "Umeshiba?" Wifi haamini jibu la mtu. Ukisitasita kidogo tu unaongezewa, upende usipende.

Mimba ilipokaribia kutimia, tumbo ndilo lililokuwa likitangulia kuingia jikoni, mwenyewe anafuata. Ilibidi asimame upande ili mwiko ufike kwenye sufuria. Kitoto kimoja cha darasa la kwanza kilimkodolea macho, kikauliza, "Mama, umemeza sufuria?"

"Ndiyo. Na usipomaliza maharage yako nakumeza na wewe."

Tulimsihi apumzike. Hakusikia la mtu. Kaka ndiye aliyekonda. Huyo ni fundi bomba, mtu anayetia mkono kwenye choo kilichoziba huku anapiga mluzi, lakini mkewe akiguna tu kwa kugeuka kitandani, yeye anatafuta viatu. Siku moja alitoka mbio na viatu vyangu.

Uchungu wenyewe ulimshika katikati ya foleni. Nilimwona ameng'ang'ania fremu ya dirisha, amefumba macho, kisha akashusha pumzi na kumwita mwenye sahani inayofuata.

"Wifi, twende hospitali."

"Foleni haijaisha."

"Mtoto atazaliwa kwenye sufuria ya wali!"

"Basi atakuta chakula tayari."

Nilimvuta kwa nguvu. Mwalimu mkuu akatoa gari lake, watoto wakatusindikiza mpaka getini wakishangilia kama timu yao imefunga bao. Tulipofika wodini, mkunga, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na mikono isiyotania, alimtazama wifi kuanzia juu hadi chini.

"Na huo wa nini?"

Wifi alikuwa bado ameshika upawa.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni kweli, lakini siku ile hata sisi tuliokuwa kwenye benchi la nje tulijifungua kidogo. Kaka, aliyekuja mbio kutoka kazini, alikaa, akasimama, akakaa. Kisha ikasikika sauti ya kichanga, kali, yenye madai, na kaka yangu akateleza kutoka kwenye benchi, akaketi sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto wa kike. Alikuwa na mashavu ya kushiba tayari, na ngumi mbili zilizokunjwa kama mtu aliyekuja kudai chake. Nilimpenda pale pale, wala sioni haya kusema.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mtoto alikataa ziwa. Anagusa, anateleza, anapinda mgongo, analia. Mkunga alimwelekeza wifi vizuri tu: "Mlete mtoto kwako, usimwinamie. Na mwangalie mikono. Akiwa na njaa anakunja ngumi, akishiba ngumi inafunguka yenyewe." Wifi aliitikia kwa kichwa, vile anavyowaitikia wakaguzi wa jiko, kisha akaendelea vile vile. Asubuhi iliyofuata tuliruhusiwa kurudi nyumbani kwa masharti: ajaribu kila mara, katikati amkamulie maziwa kwenye kijiko cha chai, na kesho yake asubuhi tumrudishe mtoto aangaliwe.

Basi mwanamke aliyezoea upawa akawa analisha kwa kijiko cha chai, tone kwa tone. Ngumi za mtoto hazikufunguka.

"Nimewalisha watoto wa watu mpaka wakavimba matumbo," aliniambia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Wangu mwenyewe anakikataa chakula changu. Mimi ni mama gani?"

Nilitoka nikaenda kufua nepi, na niliziadhibu nepi zile.

Alasiri nilirudi na beseni, nikasimama mlangoni. Wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto amelazwa juu ya mto mapajani mwake. Akashika ziwa kwa mkono mmoja, akainama, akalenga kinywa, akakosa. Akajiinua. Akainama tena. Ule mgongo niliujua. Ndio mgongo ninaoutazama kila siku nikiwa kwenye karo la vyombo.

"Wifi!" nilifoka. "Nani kakwambia upeleke chakula ofisini?"

Akanigeukia kwa hasira. "Unanitania leo?"

"Sikutanii. Unamchotea! Unainama, unamimina, kama yuko dirishani na sahani. Sheria yako mwenyewe inasemaje?"

Akamtazama mwanawe, akautazama mkono wake. Nilimwona anaelewa, maana aliliachia ziwa, akanyoosha mgongo.

"Chakula hakimfuati mtu," akasema polepole.

"Haya, egemea ukuta. Tulia. Mwache mwenye njaa aje."

Niliweka mito nyuma yake. Akaegemea, akamgeuza mtoto, tumbo kwa tumbo, pua ikielekea chuchu, akangoja. Sijawahi kumwona mtu yule akingoja kitu. Mtoto akanusanusa, akatikisa kichwa, akaachama kinywa kikubwa kama ndege kiotani.

"Mlete!"

Akamleta. Na kilio kikakatika.

Kisha tukausikia ule mlio mdogo wa kumeza, ukatulia, ukaja tena. Wifi alinikamata mkono, akaniminya vidole mpaka vikaniuma, nami nikamwacha aminye.

Kaka akachungulia mlangoni, spana mkononi, uso umempauka. "Mbona kimya? Kuna nini?"

"Shh," wifi akamjibu. "Kuna mtu anakula."

Kaka aliiweka spana chini taratibu, kama kitu cha kuvunjika, akaja kupiga magoti kando ya kitanda. Tulikuwa watu wazima watatu tunamtazama mmoja akila, na tuliona raha kuliko karamu yoyote.

Mwishowe mtoto aliachia mwenyewe, tone la maziwa likabaki kwenye kidevu. Wifi akamwinamia sikioni na kumuuliza swali lile lile la dirishani, kwa sauti ambayo wanafunzi hawajawahi kuisikia: "Umeshiba?"

Ile ngumi ya mtoto iliyokuwa juu ya kifua cha mama yake ikalegea, kidole kimoja kimoja, hadi kiganja chote kikawa wazi. Wifi yangu, ambaye haamini jibu la mtu, safari hii aliamini.