Gauni Jeupe la Mtopanga

Juzi niliingia studio moja ya picha Mtopanga nikamkuta bibi harusi wa wiki iliyopita, mumewe na mama mkwe, wote wamenuna. Gauni lilikuwa limetoka la manjano kwenye picha, na majirani walishaanza kunong'ona kuwa lilikuwa kuukuu la kuazima.

"Kosa ni langu, mama," mpiga picha akasema. "Weupe wa skrini yangu ulikuwa umeelekea buluu. Nikawa naongeza umanjano ili nione sawa, na karatasi ikaupokea wote."

Akaiweka karatasi tupu ya picha kando ya skrini, akaanza kuurekebisha weupe mpaka vifanane.

"Hiyo ni barafu," akasema bibi harusi.

Mpiga picha akaugeuza kidogo.

"Sasa hilo ni tui la nazi," akasema mama mkwe.

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu akajitolea kusimama pale na kanzu yake iwe kipimo cha weupe, mkewe akamvuta akimwambia ile haijaona sabuni tangu Ijumaa. Tukacheka sote, hata mama mkwe.

Mwishowe skrini na karatasi zikapatana. Picha ikachapishwa upya, na gauni likatoka jeupe pe. Mama mkwe akamkumbatia mkaza mwanawe.

Bwana harusi akaikodolea macho ile picha. "Mbona meno yangu bado ya manjano?"

Mkewe akamshika bega taratibu. "Hayo ni majani ya muguka, bwana. Skrini haitafuni."

Zamu yangu ilipofika, nilipigwa picha nimefunga mdomo.