Msindikize Mgonjwa, Usimtangulie

Mwanangu, kuna siku moja hainitoki kichwani: siku niliyosimama nyuma ya pazia la chumba cha baba yangu, nikamsikia akicheka. Mimi niliyemwosha na kumlisha sikuwa nimelipata cheko lile. Alikuwa akimpa Neema.

Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Wewe unaanza kazi hii ya kufundisha watu namna ya kumtunza mgonjwa asiyepona, nami nilitangulia kuanguka katika njia hiyo. Hapa Kadutu, kwenye mtaa wetu wa vilima, mvua ikinyesha, aliyeteleza kwanza ndiye huwaonyesha wengine pa kukanyaga.

Elimu yangu si ya darasani. Mama yangu alipofia hospitalini, watu wote walijua anakwenda isipokuwa yeye na mimi. Tukamwambia utapona, utapona, mpaka hakuwepo tena wa kuambiwa. Nikaapa nitajifunza. Nilisoma kwenye simu, nikawauliza wauguzi hadi wakaanza kunikimbia. Nikaandika somo langu, nikalifuta, nikaliandika upya. Kabla ya kwenda kuzungumza kanisani nilijisemea mbele ya kioo mpaka koo likakauka. Nilieleza kwamba maumivu yanaweza kutulizwa hata pale ugonjwa usipotibika, na kwamba kumficha mtu hali yake si kumpenda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza, siku zote.

Ndipo akaja Neema, muuguzi kijana aliyesomea hospitali ya Katana. Alikuja ajifunze kwangu namna ya kuongea na familia. Nusu ya niliyomfundisha aliisahau. Mimi nilisimama, yeye alikaa mkekani na akina mama, akawachekesha, akawaacha walie. Wanafunzi wa uuguzi walinisikiliza kwa heshima, halafu wakaniuliza Neema atakuja lini. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda, mwanangu. Siku moja alikosea jina la dawa mbele ya watu nami nikafurahi. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilifurahi.

Kisha baba akaugua tumbo. Alikuwa dereva wa lori la kwenda migodini Kamituga maisha yake yote. Madaktari waliposhindwa, wakaturudishia tukamtunze nyumbani. Ndugu zangu wakaanza wimbo ule ule wa utapona, nami nikajiambia kwamba hapa sasa nitaonyesha ninachojua. Neema akaja kumsalimia, kama tunavyofanya kwa kila mgonjwa wetu, na ndipo nikasimama nyuma ya lile pazia.

Baada ya kicheko baba akamwambia Neema: "Barabara ilinifundisha, mutoto. Injini ikibadilisha sauti, usidanganye abiria kama mutafika. Nataka kuita batoto niwaachie neno. Lakini ule wangu mukubwa, nitamwanzaje?"

Mwanangu, wewe unajua kwetu neno la baba lina uzito gani. Mzee akiondoka bila kuwakusanya watoto wake, wanabaki kama nyumba isiyo na mlango, kila mmoja akijiuliza aliachwa na baraka au na laana. Nilipaswa kuingia pale pale. Badala yake nilisikia jambo moja tu, kwamba kamwambia yeye, hakuniambia mimi. Neema alipotoka nilimwambia mgonjwa amechoka na wageni, asije tena. Akaniangalia, akaitikia, akaenda.

Kesho yake nilikaa mbele ya baba nikampa somo langu lote, na methali yake, kwa sauti ile ya kanisani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "kengele ilishalia? Basi unipatie mayi."

Akanywa, akageukia ukuta. Siku zilizofuata hakuzungumza na mtu, na nguvu zilikuwa zikimwisha huku neno lake bado liko kifuani.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyefika kutoka Nyantende na kikapu cha viazi. Aliuliza mbona kaka yake amenyamaza, nikamweleza yote. Mbele yake sijawahi kuweza kusema uongo. Hakunikemea kwa sauti. Aliendelea kumenya viazi.

"Mugeni akitoka kwako, unamusindikiza ao hapana?"

Nikajibu namsindikiza.

"Njia, nani anaichagua?"

Nikasema ni mgeni.

"Papa yako iko naenda, na anajua. Ulimufukuzia mutu mwenye alipenda kutembea naye. Halafu utaenda kufundisha batu kusindikiza?"

Niliacha viazi, nikapanda kilima hadi kwa Neema. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha na yote yakanipotea. Nikasema tu baba anakuhitaji. Alichukua viatu vyake.

Jioni hiyo baba aliomba ainuliwe. Neema alikaa nyuma yake akamwegemeza kifuani pake, mahali ambapo nilitaka niwe mimi. Akatuita mmoja mmoja, kuanzia mdogo, akampa kila mtu neno lake. Mimi mkubwa alinifikia mwisho.

"Weye nilikuweka wa mwisho sababu nilikuwa nakuogopa," akasema. "Unapenda kila kitu kikuwe sawa. Na miye sijue kufa vizuri."

Akaweka mkono kichwani pangu. Ulikuwa mwepesi kama jani la muhogo lililokauka.

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujafundisha familia au muuguzi yeyote, muulize mgonjwa anataka nani akae karibu naye; na asipokutaja wewe, nenda kamlete anayetajwa. Ukweli usimtupie kama mzigo, subiri akuonyeshe mkono wa kuupokelea. Somo lako lisiwe zuri kiasi cha kumtisha anayekufa. Na wivu ukikujia, maana utakuja, usijidanganye kwamba umekwisha. Hata leo Neema akifundisha chumba cha pili na watu wakacheka, mimi hupoteza sentensi yangu. Huiacha ipotee.

Mungu akupe masikio kabla ya maneno. Akupe mtu wa kutembea naye siku yako ikifika, yule hasa utakayemtaka, na asiwepo wa kumfungia mlango.